Ngisi wa mwaka mmoja: kwa nini mavuno ya nchi moja hupanda huku ya nyingine yakiporomoka

Mwaka 1968 wavuvi wa Japani walishusha bandarini takriban tani 668,000 za ngisi wa aina moja tu, yule ambaye wenyewe humwita surume-ika, na ilipofika mwaka 2023 mavuno yao ya ngisi huyo huyo yalikuwa takriban tani 20,000. Katika kipindi hicho hicho China, ambayo meli zake za kwanza za kuvua ngisi mbali na maji yake zilianza kazi mwaka 1989, ilipanda hadi kuwa nchi inayovua ngisi wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Ngisi wa Argentina, wanaovuliwa na mataifa mengi kusini-magharibi mwa Bahari ya Atlantiki, walivuliwa zaidi ya tani milioni moja mwaka 1999, mavuno yakaporomoka, yakarudi karibu na kiwango hicho mwaka 2015, kisha yakashuka chini ya tani 200,000 mwaka mmoja tu baadaye. Mtu anayezipanga takwimu hizi kwenye jedwali moja huona mistari inayopishana bila mpangilio, na ni rahisi akahitimisha kwamba Wajapani wamezembea, Wachina wamejua kazi, na Waargentina wana bahati inayokuja na kuondoka. Hitimisho la namna hiyo hukosea karibu kila mahali, na makala haya yanajaribu kueleza kwa nini.

Hapa Dodoma ngisi ni kitoweo cha hoteli chache, hufika kikiwa kimegandishwa kutoka Dar es Salaam, na mnunuzi wa kawaida katika soko la Majengo hukutana na sato, sangara, dagaa na perege wa Mtera muda mrefu kabla hajamwona ngisi. Hata hivyo ni Dodoma ambako Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi wa Bahari Kuu ya mwaka 2020, na ni katika Mji wa Serikali wa Mtumba ambako Wizara ya Mifugo na Uvuvi hupanga mipango ya ile inayoitwa sasa sera ya uchumi wa buluu. Maamuzi kuhusu bahari yetu hufanyika kilomita mia kadhaa kutoka ufukweni, mara nyingi na watu ambao, kama mimi, wamekulia kwenye maji baridi na ardhi kavu. Kwa sababu hiyo naamini ni wajibu wetu kuelewa mwenendo wa uvuvi huu angalau kwa kiwango kile kile tunachoelewa mwenendo wa bei ya alizeti.

Mnyama asiye na akiba ya uzee

Ngisi wengi wanaovuliwa kibiashara huishi takriban mwaka mmoja. Huanguliwa wakiwa na urefu wa milimita chache, hukua kwa kasi ambayo samaki wachache huifikia, hutaga mayai katika msimu mmoja, kisha hufa. Jambo hili linaloonekana dogo ndilo linalofafanua sehemu kubwa ya kupanda na kushuka kwa mavuno duniani. Sangara au jodari huishi miaka kadhaa, kwa hiyo baharini au ziwani huwapo kwa wakati mmoja watoto, vijana na wazee, na mwaka mmoja mbaya wa uzazi hufidiwa na samaki waliozaliwa miaka iliyotangulia. Ngisi hana fidia hiyo. Kizazi cha mwaka huu kikishakufa, kilichobaki ni mayai na watoto wake tu, na kundi zima huanza upya.

Mkulima wa mtama wa Chamwino anaielewa hali hii bila kufundishwa, kwa sababu mavuno yake ya mwakani yanategemea mbegu aliyoiweka na mvua ambayo hana mamlaka nayo, na wingi wa mavuno ya mwaka juzi haumsaidii chochote ikiwa mbegu imeliwa. Kwa ngisi, mbegu ni wale walioachwa hai hadi wakataga, na mvua ni hali ya bahari katika wiki za kwanza za uhai wa watoto: joto la maji, mkondo unaowachukua, na wingi wa viumbe vidogo wanavyovila. Serikali inaweza kudhibiti la kwanza. La pili haliwezi kudhibitiwa na serikali yoyote, na ndiyo maana hata nchi yenye usimamizi mzuri huwa na miaka mibaya.

Mfano ulio wazi zaidi ninaoufahamu ni wa jimbo la California nchini Marekani. Elnino ya mwaka 1997 na 1998, ile ile iliyoleta mvua kubwa nchini mwetu na ambayo watu wazima wengi bado hupimia mvua nyingine zote, ilipasha joto maji ya pwani hiyo na mavuno ya ngisi yakashuka hadi chini ya tani 3,000 mwaka 1998. Mwaka 2000 yalikuwa yamevuka tani 110,000. Hakuna kundi la samaki wa kuishi miaka mingi linaloweza kurudi kwa kasi hiyo, na kurudi huko kulitokea bila mtu yeyote kufanya jambo la ajabu: maji yalipoa, na ngisi waliokuwa wamebaki walitosha kuanzisha kizazi kingine. Baadaye California iliweka kikomo cha mavuno kwa msimu na kuzuia uvuvi wa ngisi mwishoni mwa kila wiki, ili katika kila wiki kuwe na siku ambazo ngisi wanataga bila kusumbuliwa.

Upande wa pili wa mfano huo uko Kanada. Katika maji ya Newfoundland na jirani zake mavuno ya ngisi yalipanda hadi takriban tani 162,000 mwaka 1979, na miaka michache tu baadaye yakawa karibu na sifuri, na hayajawahi kurudi katika kiwango kile. Wanasayansi bado wanajadiliana ni kiasi gani cha anguko lile kilitokana na nyavu na kiasi gani kilitokana na bahari.

Kuna jambo moja linalochanganya wasomaji hapa na ni afadhali liwekwe wazi mapema. Mwaka 2016 kundi la watafiti wakiongozwa na Zoë Doubleday wa Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia, walichapisha uchambuzi wa takwimu za kuanzia mwaka 1953 hadi 2013, wakaonyesha kwamba ngisi, pweza na dome kwa ujumla walikuwa wakiongezeka duniani, pengine kwa sababu bahari inapata joto na samaki wanaowala wamepungua. Wakati huo huo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linaonyesha kwamba mavuno ya kundi hilo lote yalifika kilele cha takriban tani milioni 4.9 mwaka 2014, kisha yakashuka hadi takriban tani milioni 3.6 mwaka 2017 na 2018. Taarifa hizi mbili hazipingani. Ya kwanza inasema juu ya mwelekeo wa miaka sitini na aina nyingi; ya pili inatawaliwa na aina tatu au nne tu za ngisi, ambazo zikianguka pamoja huangusha jumla ya dunia nzima.

Japani, na waliofuata nyayo zake

Uvuvi wa kisasa wa ngisi ulijengwa na Wajapani. Wao ndio waliotengeneza mashine za kuteremsha na kupandisha kamba zenye chambo bandia, kila chambo kikiwa na taji la kulabu ndogo, na ndio waliozijaza meli zao taa kali zinazowaka usiku kucha juu ya maji. Ngisi huvutwa na mwanga huo, hujikusanya kwenye kivuli cha meli, na kutoka hapo hurukia chambo kinachopanda. Ni njia isiyonasa samaki wengine kwa wingi na isiyoharibu sakafu ya bahari. Leo taa hizo zinaonekana kwenye picha za setilaiti zikiwa angavu kama miji, jambo ambalo baadaye liliwasaidia sana wachunguzi.

Mavuno ya nyumbani yalipopungua baada ya mwaka 1968, meli za Japani zilikwenda mbali: New Zealand, Argentina, na baadaye Peru. Katika Pasifiki ya Kaskazini, Japani, Korea Kusini na Taiwan zilitumia majarife makubwa yaliyoachwa yaelee usiku, yenye urefu wa makumi ya kilomita, ambayo pamoja na ngisi yaliua pomboo, kasa na ndege wa baharini kwa idadi kubwa mno. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitoa azimio mwaka 1991, na kufikia mwisho wa mwaka 1992 majarife hayo yalisitishwa katika bahari kuu. Nalitaja tukio hili kwa sababu linaonyesha kwamba bahari isiyo ya mtu inaweza kupata sheria, na kwa muda mfupi, mataifa yanapoamua.

Baada ya hapo meli za mbali za Japani zilipungua moja baada ya nyingine, zikielemewa na bei ya mafuta, ujira wa mabaharia, na ada za leseni katika maji ya nchi nyingine. Korea Kusini na Taiwan zilibaki kwa muda mrefu zaidi. China iliingia wakati wengine wanatoka, na kwa kuwa serikali yake ilitoa ruzuku ya mafuta na ya ujenzi wa meli, iliweza kubeba gharama ambazo wengine walishindwa kuzibeba.

Nyumbani kwa Japani hali ilikuwa tofauti na ina sababu zaidi ya moja. Surume-ika hutaga katika maji ya Bahari ya China Mashariki na kusini mwa Japani, na joto la maji hayo likitoka nje ya kiwango kinachofaa, watoto wengi hufa. Mavuno yaliwahi kushuka sana katika miaka ya 1980 na kupanda tena katika miaka ya 1990, na wataalamu wengi wanahusisha mabadiliko hayo na bahari kupoa na kupata joto kwa vipindi. Anguko lililoanza mwaka 2016 lilianza vivyo hivyo, lakini safari hii kulikuwa na mkono mwingine. Mwaka 2020 watafiti waliounganisha picha za rada, za mwanga wa usiku na ishara za meli walichapisha ushahidi kwamba zaidi ya meli 900 zilizotoka China zilivua katika maji ya Korea Kaskazini mwaka 2017, na takriban 700 mwaka 2018, ingawa azimio la Baraza la Usalama la mwaka 2017 lilikuwa limepiga marufuku biashara ya haki za uvuvi na nchi hiyo. Walikadiria kwamba meli hizo zilivua zaidi ya tani 160,000 za ngisi yule yule katika miaka hiyo miwili, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 440.

Korea Kusini, ambayo ilivua zaidi ya tani 250,000 mwaka 1996, ilikuwa imeshuka chini ya tani 25,000 mwaka 2023. Wavuvi wa kisiwa cha Ulleung, ambao ngisi mkavu ndiye alikuwa uchumi wao, wameathirika kwa namna ambayo hakuna takwimu ya jumla inayoionyesha. Na wavuvi maskini wa Korea Kaskazini, waliosukumwa na meli kubwa kutoka maji yao wenyewe, walikwenda mbali katika maboti ya mbao yasiyofaa kwa bahari ile. Mengine yalisukumwa na mawimbi hadi fukwe za Japani yakiwa na maiti ndani. Ninapoona mstari wa mavuno unashuka kwenye jedwali, naona ni haki kuwakumbuka watu hao.

Kusini mwa Atlantiki: kuhesabu huku uvuvi ukiendelea

Sehemu hii ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi kwa nchi yoyote inayofikiria kutoa leseni. Visiwa vya Falkland vina wakazi wapatao 3,500 tu. Hadi katikati ya miaka ya 1980 meli za kigeni zilivua ngisi kuvizunguka bila kulipa chochote. Mwaka 1986 ilitangazwa kanda ya usimamizi wa uvuvi, na kuanzia mwaka 1987 kila meli ililazimika kununua leseni. Mapato ya serikali ya visiwa hivyo yalibadilika kabisa, na hadi leo uvuvi, hasa wa ngisi, ndio mhimili wa uchumi wao.

Kilichowafanya wadumu ni namna wanavyohesabu zaidi ya ada zenyewe. Kwa samaki wa kuishi miaka mingi unaweza kupima akiba mwaka huu na kupanga kikomo cha mwaka ujao. Kwa ngisi hesabu hiyo haina maana, kwa kuwa ngisi wa mwaka ujao bado hawajazaliwa. Kwa hiyo katika Falkland hufanyika utafiti wa meli kabla ya msimu, kisha kila meli hutoa ripoti ya mavuno yake ya kila siku, na wataalamu hufuatilia jinsi mavuno kwa kila siku ya kazi yanavyopungua kadiri ngisi wanavyotolewa majini. Kutokana na kasi ya kupungua huko hukadiria waliobaki. Kwa ngisi mdogo wa Patagonia, msimu hukusudiwa kufungwa kabla wanaobaki kwenda kutaga hawajashuka chini ya tani 10,000, hata kama leseni zimelipiwa na siku za kalenda hazijaisha. Mwaka 2024 utafiti ulionyesha ngisi wachache, na msimu wa pili wa ngisi huyo haukufunguliwa kabisa. Serikali inayotegemea mapato hayo iliamua kukosa fedha za msimu mzima, na mimi naona huo ndio uamuzi mgumu na sahihi kuliko yote ninayoyafahamu katika uvuvi huu.

Ngisi wa Argentina ni suala gumu zaidi kwa sababu ni msafiri. Huanguliwa kaskazini, hushuka kusini kula na kukua, hupita katika maji ya Argentina, ya Falkland na ya bahari kuu, kisha hurudi kaskazini kutaga na kufa. Argentina ina kalenda ya misimu na hulenga kuacha sehemu maalumu ya ngisi wakataga, takriban asilimia 40 ya wale ambao wangesalia kama kusingekuwa na uvuvi. Lakini nje kidogo tu ya maili 200 za baharini, ambapo mamlaka ya nchi ya pwani juu ya uvuvi huishia, mahali ambapo mabaharia hupaita maili ya 201, mamia ya meli kutoka China, Taiwan, Korea Kusini na Hispania hujipanga kila mwaka kuanzia Desemba na Januari, na huko hakuna chombo chenye mamlaka ya kufunga msimu kwa wote. Argentina na Uingereza, inayovitawala visiwa vya Falkland, zinagombania visiwa vyenyewe, na tume ya pamoja ya uvuvi iliyoanzishwa mwaka 1990 ilikoma kukutana mwaka 2005. Kwa hiyo hakuna chombo chochote cha kikanda kinachosimamia ngisi huyu katika safari yake yote. Kila upande unaweza kuacha mbegu yake na kuiona ikivuliwa na mwingine baada ya wiki chache. Mwaka 2016 walinzi wa pwani wa Argentina waliizamisha meli moja ya China iliyokuwa ikivua ndani ya maji yao, na mabaharia wake wakaokolewa. Tukio hilo lilitangazwa sana, ila halikupunguza meli za mwaka uliofuata.

Peru, Chile na Meksiko: ngisi mkubwa na maboti madogo

Katika Pasifiki ya Mashariki anavuliwa ngisi mkubwa kuliko wote wanaofanyiwa biashara kubwa, ambaye Peru humwita pota na Chile humwita jibia. Anaweza kufika uzito wa makumi ya kilo. Mavuno yake ya dunia yalizidi tani milioni moja mwaka 2014, na nusu yake hivi ilitoka kwa Peru, ambako huvuliwa na wavuvi wadogo kwa kamba za mkono katika bandari kama Paita. China ilianza kumvua nje ya maili 200 mwaka 2001. Elnino ya mwaka 2023 na 2024 iliwakosesha wavuvi wa Peru riziki kwa miezi mingi, na ugomvi juu ya nani amewamaliza ngisi, bahari au meli za kigeni, uliwaka upya. Peru ilianza mwaka 2020 kuzitaka meli za kigeni zinazotumia bandari zake ziwe na kifaa cha setilaiti ambacho mamlaka za Peru zinaweza kukisoma. Ni hatua yenye akili, kwa sababu inatumia nguvu ambayo nchi ya pwani inayo kweli, yaani bandari, kudhibiti jambo lililo nje ya mipaka yake.

Chile ilichukua njia nyingine. Huko mgogoro ulikuwa baina ya wavuvi wadogo wanaotumia kamba na makampuni yanayotumia nyavu za kukokota. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 2019 iliruhusu kamba na chambo peke yake kwa uvuvi wa jibia. Makampuni yalilalamika juu ya ajira za viwandani, na wavuvi wadogo walisherehekea. Ninachokiona muhimu ni kwamba nchi iliamua kwa sheria nani apate ngisi wake, badala ya kuliacha suala hilo liamuliwe na ukubwa wa injini.

Meksiko inaonyesha kitu ambacho sheria haikifikii. Katika Ghuba ya California, baada ya Elnino ya mwaka 2009 na 2010, ngisi hawa walianza kukomaa wakiwa wadogo sana na wenye umri wa miezi sita hivi, na uvuvi wa Santa Rosalía na Guaymas ulikufa kwa kukosa ngisi wenye ukubwa unaouzika. Ngisi hawakutoweka, walibadilisha maisha yao.

Kwa upande wa bahari kuu, chombo cha kikanda cha usimamizi wa uvuvi wa Pasifiki ya Kusini kilichoanza mwaka 2012 kimeweka ukomo wa idadi ya meli za ngisi, lakini ukomo huo uliwekwa karibu na kiwango ambacho meli zilikuwa zimekwishafikia. Mwaka 2020, baada ya meli takriban 300 za China kuonekana zikivua pembezoni mwa maji ya visiwa vya Galápagos vya Ecuador na dunia kupiga kelele, China ilitangaza kwa hiari yake kufunga uvuvi wa ngisi kwa meli zake kwa miezi mitatu katika sehemu moja ya Atlantiki na sehemu moja ya Pasifiki. Wakosoaji walisema maeneo hayo hayavuliwi sana katika miezi hiyo. Hata hivyo, ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi hiyo kufanya hivyo katika bahari kuu, na kanuni iliyopo ni rahisi kuiboresha kuliko isiyokuwapo.

Nguvu inahamia pasipo na sheria

Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofuatilia mwanga wa meli kwa setilaiti, ulionyesha kwamba siku za uvuvi za meli za ngisi katika maeneo yaliyochunguzwa ziliongezeka kwa asilimia 68 kati ya mwaka 2017 na 2020, na kwamba asilimia 86 ya uvuvi huo ulifanyika mahali pasipo na kanuni za ngisi. Meli hizi huhama kutoka bahari moja hadi nyingine katika mwaka mmoja, zikipakulia mavuno yao kwenye meli za mizigo na kujazwa mafuta baharini, kiasi kwamba baadhi hukaa zaidi ya mwaka bila kutia nanga. Mabaharia wake, wengi wao kutoka Indonesia na Ufilipino pamoja na mikoa ya ndani ya China, wamekutwa mara kwa mara na wachunguzi wakiwa wamenyimwa ujira, pasipoti na matibabu. Utafiti mwingine wa mwaka 2018 juu ya uchumi wa bahari kuu ulikadiria kwamba sehemu kubwa ya uvuvi wa ngisi wa mbali isingepata faida bila ruzuku na ujira mdogo. Mtu anaposoma kwamba mavuno ya nchi fulani yamepanda, anapaswa kuuliza kama kilichopanda ni ngisi au ni ruzuku.

Meli zinazohama zimefika pia katika bahari yetu. Kaskazini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, katika maji ya kimataifa yaliyo mbele ya Oman na Yemen, meli za China zinavua ngisi wa bahari kuu kwa taa, na mashirika yanayofuatilia yaliripoti mwaka 2020 kwamba zilikuwa zimefika zaidi ya mia moja, ongezeko la zaidi ya asilimia 800 ndani ya miaka mitano. Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Tanzania ni mwanachama wake, husimamia jodari na jamaa zake tu. Mkataba wa uvuvi wa kusini mwa Bahari ya Hindi hauyafikii maji hayo. China ilianza mwaka 2022 kufunga msimu kwa majaribio upande huo pia, kwa kanuni zake yenyewe, ambazo inaweza kuzibadilisha itakapotaka.

Tanzania yenyewe haina meli za namna hiyo. Ngisi wetu huvuliwa na wavuvi wadogo wa Tanga, Bagamoyo, Mafia, Kilwa, Mtwara na Zanzibar kwa mishipi na nyavu, mara nyingi usiku na kwa taa, na huuzwa minadani kama ile ya Feri. Juu ya pweza, ambaye naye huishi muda mfupi, tumekwishaanza kujifunza: vijiji kama Kisiwa Panza huko Pemba vimekuwa vikifunga sehemu za miamba kwa miezi kadhaa na kuzifungua pweza wakishakua, kwa mfano uliotangulia huko Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004. Ngisi hahitaji mwamba na hakai mahali pamoja, kwa hiyo kufunga mwamba hakumsaidii, anahitaji kuhesabiwa. Kuhesabiwa huko huanza na jambo la kawaida kabisa, kwamba mavuno yake yaandikwe peke yake katika kila mwalo, kwa aina na kwa mwezi, bila kuchanganywa na pweza na dome.

Ngisi wa bahari kuu ya magharibi mwa Bahari ya Hindi ni chakula kikuu cha jodari, na jodari ndiye anayezileta meli za kigeni kuomba leseni kwa Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu. Ngisi wakivuliwa kaskazini bila kikomo, jodari anayepita katika maji yetu hupungukiwa na chakula, na thamani ya leseni hizo hushuka bila meli hata moja kuvunja sheria ya Tanzania. Wajumbe wetu wanaokwenda kwenye mikutano ya kamisheni ya jodari wana hoja halali ya kudai, pamoja na Somalia, Oman, Kenya na Ushelisheli, kwamba ngisi huyo ahesabiwe na awekewe kikomo, ama kwa kupanua majukumu ya kamisheni hiyo au kwa kuunda chombo kipya, na bajeti ya kazi hiyo hupitishwa hapa Dodoma kila mwaka.